Blatten hakikuwa kijiji cha watalii tu

Mhariri salaam, na poleni na kazi.

Nimeirudia kuisoma ile habari yenu ya kijiji cha Uswisi kilichofukiwa na mlima Mei 2025, mmekiita kijiji cha watalii, mistari minne alafu basi imeisha. Mimi naishi huku Uswisi mwaka wa tisa sasa, na Blatten nimefika mara mbili kabla hakijafukiwa, kwahiyo naomba nafasi niseme kidogo maana kwa kweli imeniuma.

Blatten ipo bonde la Lötschental, jimbo la Valais, mita 1,540 juu ya usawa wa bahari, ndo kijiji cha mwisho kabisa ukishapita Ferden, Kippel na Wiler. Eneo lake ni kubwa, kama kilomita za mraba 90 hivi, ila sehemu kubwa ni miamba na barafu, watu walikuwa 300 tu. Na ni watu wa ng'ombe na kondoo hao, watalii wamekuja juzi. Zamani bonde lenyewe lilikuwa limejifungia, kipindi cha baridi theluji ikiporomoka njia inazibwa na mnabaki humo humo na mlichoweka akiba, umaskini ukawatoa vijana kwenda kuwa askari wa kukodiwa wa wafalme wa nje, ndo maana mpaka leo kwenye sikukuu fulani za kanisa utakuta wanaume wanaandamana na sare za kijeshi za enzi zile. Treni ilifika Goppenstein, pale mdomoni mwa bonde, mwaka 1913 baada ya handaki la Lötschberg kukamilika, na handaki hilo lilikula watu, Julai 1908 maji na mchanga viliingia ghafla wakafa vibarua 25, wengi wao Waitalia.

Nyumba zao ni za mbao, zimepigwa jua miaka mpaka zimekuwa nyeusi kama mkaa, ukigusa ukuta mchana unaukuta wa moto na unanukia utomvu. Ghala za nafaka zimesimama juu ya nguzo, na juu ya kila nguzo kuna jiwe bapa la duara kama sahani, panya akipanda anafika pale anakwama. Nilisimama naliangalia hilo jiwe muda mrefu, nikamkumbuka bibi yangu na kihenge chake. Alafu Februari wanatoka na Tschäggättä, vinyago vya mti vya kutisha, mtu amevaa ngozi za mbuzi na kengele ya ng'ombe kiunoni, watoto wanakimbia kweli kweli.

Sasa tukio lenyewe. Mlima Kleines Nesthorn ulianza kubomoka na kumwaga mawe juu ya barafu ya Birch, ile barafu ya kudumu ya mlimani, wataalamu walikuwa wanaipima, na Mei 19 wanakijiji wakaambiwa tokeni wote, wakatoka siku hiyo hiyo na mifugo yao, kuna ng'ombe mpaka alibebwa na helikopta. Mei 28 mchana barafu yote ikashuka na mamilioni ya mita za ujazo za mawe, asilimia kama 90 ya kijiji ikafukiwa, mto Lonza ukazibwa likawa ziwa na nyumba zilizobaki zikaingia maji. Aliyefariki ni mmoja, mzee wa miaka 64. Mmoja, mhariri, na hilo nyie hamkuliandika kabisa, wakati mimi naona ndo habari yenyewe, kwamba watu waliozaliwa pale na wazee wao wamezikwa pale walikubali kufunga milango na kuondoka mlima ukiwa bado umesimama.

Wamesema watajenga tena bondeni humo humo. Naomba mkiandika tena muwataje kwa jina, Blatten, na vitongoji vyake pia, Ried iliyoondoka, Eisten, na Weissenried ambayo bado ipo kule juu mtelemkoni, nyumba zake nyeusi zinaangalia kifusi chini.

Msomaji wenu, Bern