Namba A si ugonjwa wa gari

Ndugu Mhariri,

Sisi mafundi wa magari tunaomba nafasi kwenye safu hii tuzungumzie jambo linalowatoa watu fedha bila sababu hapa mkoani Tabora. Malipo ya tumbaku yakianza kuingia Urambo, Kaliua na Sikonge, mazungumzo ya vijiweni hugeukia magari. Mwenye Corolla 110 au Carina Ti anaulizwa na shemeji zake ataendesha namba A mpaka lini. Kamati ya harusi inamwomba kwa upole gari lake lisiingie kwenye msafara. Kazini, walio chini yake wanashuka kwenye Crown na Harrier, naye anaanza kuegesha nyuma ya jengo. Mwishowe anachukua mkopo wa mshahara wa miaka mingi ili abadilishe herufi.

Tuanze na herufi hiyo. Herufi ya kwanza baada ya zile tarakimu tatu kwenye kibao cha namba ya gari inaonyesha gari lilisajiliwa Tanzania kipindi gani. Haisemi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2004 lililoshushwa bandarini juzijuzi lina namba E, na pacha wake wa mwaka huohuo aliyetangulia kuja ana namba B. Anayetaka kujua umri wa gari asome mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi. Wapo watu mjini hapa wameuza gari na kununua jingine la umri uleule, wakaongeza mamilioni juu yake, na wote waliowazunguka wakawapongeza.

Lakini kinachotusukuma kuandika ni kingine. Aibu yenyewe ndiyo inayoliua gari. Mwenye gari akishaamini kwamba lake ni la kuuza wakati wowote, anaacha kulihudumia. Oili ya kubadilishwa kila kilomita 5,000 inapelekwa mpaka 9,000. Raba iliyopasuka inafungwa kwa waya. Baada ya muda gari linakwama njiani kuelekea Nzega, na waliokuwa wakimcheka wanaona walisema kweli. Magari mengi tunayoletewa kwa jina la uzee yana kifaa kimoja au viwili vilivyochoka, vyenye jina, na vinavyopatikana dukani.

Chukua kuchemsha, maana ndiyo tuhuma ya kwanza. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huu maji kwenye sufuria iliyo wazi huchemka yakifika nyuzi 96 tu. Injini nayo hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Kinachozuia maji yasichemke ndani ya rejeta ni mgandamizo, na mgandamizo huo unashikiliwa na mfuniko wa rejeta. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina mfuniko ulioandikwa 0.9, ukiwa mzima, maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Springi yake ikilegea au raba yake ikikauka, maji yanakimbilia kwenye chupa ya akiba na kumwagika, na mwenye gari anaambiwa silinda hedi, yaani kichwa cha injini, imekufa. Mfuniko ndio kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo huo, na ndio unaosahaulika kuliko vyote.

Baada ya mfuniko, themostati, ile valvu inayofunguka kwa joto na kuruhusu maji yapite kwenye rejeta. Hapa tunasema na mafundi wenzetu moja kwa moja: tuache kuzitoa. Maelezo ya siku zote ni kwamba hii ni nchi ya joto, na themostati iliwekwa kwa ajili ya baridi ya Japani. Si kweli. Themostati ya injini kama 5A-FE ya Corolla 110 imegongwa 82, yaani nyuzi 82, kwa sababu injini hiyo imepangwa kufanya kazi ikiwa na moto. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi ikidhani injini ndiyo kwanza imewashwa, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi za pistoni zinaisha. Zaidi ya hapo, kwenye Toyota nyingi za kundi hili themostati ina sahani ya pili kwa nyuma inayoziba njia ya mkato. Bila sahani hiyo sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini pasipo kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi likibeba mzigo au likipanda mlima.

Kuipima hakuhitaji mashine. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, tumbukiza kipimajoto, washa moto. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ikifika 95, ambayo hapa Tabora ni pale maji yanapotaka kuchemka, iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Isipofika hapo, nunua nyingine. Wakati wa kuifunga, kile kipini kidogo cha kupitisha hewa kikae juu, la sivyo hewa inabaki ndani na unaanza upya.

Feni ya umeme nayo inasingiziwa sana. Kwenye Corolla za 100 na 110, washa swichi bila kuwasha injini, kisha chomoa plagi ya swichi ya joto ya feni. Feni ikizunguka, basi mota, relei na fyuzi ni vizima, na mgonjwa ni hiyo swichi. Isipozunguka, tafuta kwenye fyuzi na relei kwanza kabla ya kununua mota. Ukikuta feni imeungwa moja kwa moja izunguke muda wote, ujue kuna mtu alikwepa kazi ya kubadilisha swichi.

Maji ya kisima au ya bomba peke yake yanaleta kutu na magamba, na njia nyembamba za rejeta zinaziba kimyakimya. Mfumo mzima wa injini hizi unabeba lita 5 hadi 6. Changanya nusu kulanti, ile dawa ya rejeta, na nusu maji ya betri, yale yasiyo na asidi. Jaza injini ikiwa imepoa, acha mfuniko wazi, weka hita kwenye moto, washa injini na usubiri mpaka paipu ya juu ya rejeta ipate joto na mapovu yaishe. Ongeza, kisha funga. Ukishayafanya haya yote na bado maji yanapungua bila kuonekana yanakokwenda, au mapovu hayaishi kwenye rejeta, hapo zungumzia gasketi ya hedi. Hedi ikishatolewa isirudishwe kabla ya kupimwa kwa rula ya chuma na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya: ikipinda zaidi ya milimita 0.05 inapelekwa kwenye mashine ikasawazishwe. Kubadilisha gasketi peke yake juu ya hedi iliyopinda ni kumrudisha mteja gereji baada ya muda mfupi.

Vumbi letu la kiangazi ni adui mwingine, na huingilia mahali ambapo watu hawatazami. Watu wanapuliza filta ya hewa kila wiki na kusahau mpira mnene unaotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye injini. Mpira huo hupasuka kwenye mikunjo kwa upande wa chini, usipoonekana. Ufungue, ingiza kitambaa cheupe ndani, futa. Kikitoka na vumbi jekundu, injini inavuta hewa isiyochujwa, na mchanga ule laini unasaga ringi kila unapowasha. Mpira ubadilishwe siku hiyohiyo. Kupuliza filta kwenyewe kuwe kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Upepo mkali unatoboa karatasi, na filta iliyotobolewa inafaa kutupwa tu. Anayeshinda kwenye barabara za vumbi za vijijini abadilishe oili kila kilomita 3,000 hadi 4,000, na filta ya oili kila mara pamoja nayo. Oili ya 15W-40 au 20W-50 inazitosha injini hizi kwa joto letu.

Gari likitoa moshi wa bluu, usikubali neno "injini imechoka" kabla ya kupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Kwa injini ya 4A-FE iliyo nzima kipimo ni psi 190 hivi. Ikishuka chini ya 142, au silinda moja ikatofautiana na nyingine kwa zaidi ya 14, kuna tatizo. Mimina kijiko kidogo cha oili kwenye silinda iliyo chini, pima tena. Kipimo kikipanda, ni ringi. Kisipopanda, ni valvu au gasketi. Na kama kompresheni ni nzuri lakini moshi unatoka asubuhi tu kwa sekunde chache, ni sili za valvu zimekauka, kazi ambayo haihitaji kununua injini nyingine. Mteja akiuziwa injini ya mtumba badala ya sili za valvu ameonewa.

Mkanda wa taiming unabadilishwa kila kilomita 100,000, na kama hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe sasa. Kwenye 5A-FE na 4A-FE ukikatika gari linazima tu. Valvu hazigongi pistoni. Mwenye Land Cruiser ya 1HZ asijifariji hivyo, kwake valvu zinagonga na gharama yake ni kubwa. Ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi iliwekwa kwa kazi hiyo, usitoe balbu yake. Kwenye 3S-FE wota pampu inazungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo vibadilishwe pamoja. Sili za krenki na kemshafti zinazovuja zibadilishwe siku hiyo pia, kwa sababu oili hula raba ya mkanda mpya.

Sasa gari jipya ambalo mwenye namba A anasukumwa kulinunua lina nini? Mengi yanayoingia ni mazuri, na injini kama 1NZ-FE ya IST haina mkanda wa taiming, ina cheni. Lakini injini za D4 zinasukuma petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo unaopita baa 80, wakati mfumo wa zamani unatumia kama baa 3. Petroli ya kwenye madumu inayouzwa vijijini, yenye maji na taka, Corolla ya zamani inaivumilia kwa kubadilishiwa filta. Pampu ya D4 inakufa. Giaboksi za CVT, zile otomatiki zisizo na gia za hatua, nazo zina oili yake maalumu. Ikimiminiwa ATF, oili ya kawaida ya giaboksi otomatiki, mteja anapoteza giaboksi. Kabla ya kulipia gari kutoka Japani tazama pia chini yake: mikoa yao ya theluji hutia chumvi barabarani, na gari linalong'aa juu linaweza kuwa limeliwa na kutu kwenye chesisi. La kwako lililokaa Tabora miaka 15, mbali na bahari, mara nyingi ni kavu kabisa.

Kwenye fedha, akumbuke kwamba ndani ya bei ya gari lililoagizwa mna ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, mbali na tozo nyingine, na hakuna anayemrudishia siku akiuza. Gari alilonalo limeshalipiwa, na ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017. Achukue theluthi moja tu ya rejesho la mkopo aliotaka kukopa, aitenge kila mwezi kwa ajili ya spea. Spea za mtumba za Ilala zinazotumwa kwa basi zinafaa kwa giaboksi, alteneta, stata, taa na milango. Asinunue mtumba wa breki pedi, mikanda, boljointi, paipu za maji wala sili. Hizo ni mpya tu, kutoka kwa muuzaji atakayekubali kuandika risiti.

Hatutaki kumdanganya mtu. Corolla nyingi za miaka ile hazina eabegi wala ABS, ile breki isiyofunga magurudumu, na fundi hawezi kuziweka. Anayesafiri na familia usiku kwenye lami ndefu ana haki ya kulihesabu hilo, na akibadilisha gari kwa sababu hiyo tutamuunga mkono. Kwa wanaobaki, breki na matairi hayana mjadala: pedi zisishuke chini ya milimita 3, oili ya breki ibadilishwe kila miaka miwili kwa sababu inanyonya maji, na tairi isomwe tarehe. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye kashata (meno) nzuri na miaka kumi inapasuka ghafla kwenye joto la mchana.

Kuna gari ambalo hatulitengenezi. Chukua bisibisi, gonga sehemu ambazo mikono ya magurudumu ya mbele inashikia bodi, na pale shokapu za nyuma zinapofungwa kwa juu. Bisibisi ikipenya, bati limeoza mahali panapobeba uzito, na kuchomelea kiraka juu yake ni kuficha tu. Hilo liuzwe kwa spea, liwe namba A au namba E.

Mafundi wa magari,
Ng'ambo, Tabora