Shika breki kabla ya kona, mwanangu

Mwanangu kipenzi,

Sisi huku Tanga hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Baada ya salamu, nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti kuhusu Jumamosi. Wenzako wa darasani wanakwenda kushindana kwa vigari vya gokati ndani ya ghala hapo Birmingham, nawe unasita kwa sababu hujawahi kushika usukani, na wao wanatamba kwamba wameanza tangu utotoni. Nenda, binti yangu. Nenda kwa moyo mmoja. Nimelala chini ya magari tangu kabla hujazaliwa, na nakwambia kile kigari ni gari kamili, tena halifichi kitu.

Kigari cha kwanza cha gokati kilitengenezwa California mwaka 1956. Fundi wa magari ya mashindano, Art Ingels, pamoja na rafiki yake Lou Borelli, walichukua injini ya mashine ya kukatia majani wakaifunga kwenye fremu ya mabomba. Mpaka leo umbo ni lile lile: hakuna springi, hakuna shokapu, hakuna difu, ile gia inayoacha gurudumu moja lizunguke haraka kuliko lenzake. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, magurudumu yote mawili yanazunguka sawasawa. Wewe umekulia gereji, unajua kwamba kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Bila difu, la ndani lazima lipungukiwe uzito, linyanyuke kidogo, ndipo kigari kikate. Kwa hiyo usijilaze upande wa ndani kama abiria wa bodaboda. Kaa wima, mgongo ushike kiti, uache uzito uende nje wenyewe.

Mguu wa kulia ni mafuta, wa kushoto ni breki, hata kama kigari ni cha umeme. Usivikanyage vyote kwa pamoja. Na vingi vya kukodisha vina breki nyuma tu, hapo ndipo wanaotamba hupotea. Wanaingia kona kwa kasi, wanakata usukani, halafu ndipo wanakumbuka breki. Mkia unatupwa nje, kigari kinageuka kinatazama kilikotoka. Wewe maliza kazi ya breki ukiwa bado umenyooka. Anzia pembeni kabisa mwa njia, ingia taratibu, gusa ukingo wa ndani, kisha kanyaga mafuta na ukiache kitoke kipana. Mizunguko ya kwanza matairi ni ya baridi, yanateleza, usiyaamini.

Kuna habari ya Lewis Hamilton, dereva wa mashindano ya Formula 1, ambayo naipenda kuliko mataji yake saba ya dunia. Alianza gokati akiwa na miaka 8, na baba yake, Anthony, alikuwa akifanya kazi zaidi ya moja ili mtoto akimbie. Basi mzee huyo alikuwa anakwenda kusimama kando ya njia, anaangalia dereva mwenye kasi kuliko wote anaanza kushika breki wapi, kisha anasogea mbele kidogo kuelekea kwenye kona na kumwambia mwanawe: hapa. Kila nikiisoma nakufikiria wewe. Ningepata nauli, ningesimama hapo Jumamosi nzima. Kwa kuwa sipo, jitafutie alama mwenyewe, tairi lenye rangi au nguzo, ushike breki hapo. Ukiona kigari kimetulia, mzunguko unaofuata sogeza mbele kidogo.

Sasa hili ni amri ya baba. Mtandio uache kwenye kabati. Vaa kile kikofia cha hijabu kinachobana, helmeti juu yake, na pasibaki ncha yoyote inayoning'inia, kwani ile ekseli inayozunguka iko nyuma ya kiti chako, karibu sana. Mwaka 1927 kule Nice, Ufaransa, mcheza dansi Isadora Duncan alikufa kwa kitambaa cha shingoni kilichonaswa na gurudumu la gari la wazi. Ukigeuka na kusimama katikati ya njia, usishuke. Nyanyua mkono, ungoje msimamizi. Bendera ya njano, usimpite mtu. Ya bluu, mpishe aliye nyuma yako, wala usione haya, kwa kuwa sehemu nyingi za ndani zinapanga washindi kwa mzunguko bora wa kila mmoja.

Mwishoni watawapa karatasi yenye muda wa kila mzunguko. Ipige picha unitumie usiku huo huo, sitalala. Sitaangalia umekuwa wa ngapi. Nataka kuona namba zinavyoshuka kutoka mzunguko wa tatu au wa nne kwenda mbele, na kama kuna mmoja umepanda ghafla, uniambie ilikuwa kona gani na breki ulishika wapi.

Baba yako