Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Spider-Man katika Matoleo Yake ya Sinema, na Baba Aliyemlea

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyoagiza, ninawaletea taarifa ya shughuli za chama chetu cha watazamaji na wafasiri wa filamu hapa Tororo, Uganda, kwa mwaka unaomalizika. Mtakumbuka kwamba katika mkutano mkuu uliopita tuliamua kuacha desturi ya kuonyesha filamu yoyote iliyopatikana, na badala yake tukakubaliana kumchagua shujaa mmoja wa vitabu vya katuni, tumfuate katika matoleo yake makuu ya sinema, tuyalinganishe, na tuyafasiri kwa Kiswahili sisi wenyewe mbele ya watazamaji, kama VJ, yaani wafasiri wa papo kwa papo wa vibanda vya video, wanavyofasiri kwa Kiganda. Aliyepata kura nyingi ni Spider-Man. Tumeonyesha filamu 10: tatu zilizoongozwa na Sam Raimi kati ya 2002 na 2007, mbili za Marc Webb za 2012 na 2014, tatu za Jon Watts za 2017, 2019 na 2021, pamoja na mbili za katuni, za 2018 na 2023, zinazomhusu Spider-Man mwingine, kijana Miles Morales. Habari za fedha atazisoma mweka hazina, nami sitamtangulia; itoshe kusema kwamba projekta sasa ni mali yetu na ukumbi hatudaiwi.

Taarifa hii nimeielekeza kwenye jambo moja lililotushughulisha tangu kikao cha kwanza hadi cha mwisho. Lilianza kama swali dogo la tafsiri: Ben Parker, mzee aliyemlea Peter Parker, kijana ambaye ndiye Spider-Man, aitwe nani kwa Kiswahili? Kiingereza hutumia neno moja kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama, na karibu nakala zote zenye sauti ya Kiswahili nilizowahi kuzisikia humwita Ben mjomba, na mkewe May humwita shangazi. Hayo yote mawili ni makosa. Ben ni ndugu wa Richard Parker, baba mzazi wa Peter, na umri wake unaonyesha wazi kwamba yeye ndiye kaka. Kwa hiyo ni baba mkubwa, na May ni mama mkubwa. Wenzetu wanaozungumza Kiganda walilidaka jambo hili mapema, kwa kuwa kwao kojja ni ndugu wa mama na ssenga ni dada wa baba, wala hakuna anayeweza kuwachanganya hao na waliokaa mahali pa wazazi. Tuliporekebisha maneno hayo mawili tu, hadithi nzima ilibadilika masikioni mwetu, na ndipo tulipopata kipimo cha kuyalinganisha matoleo haya.

Sharti nirejee asili. Hadithi ya kwanza ya Spider-Man, iliyoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Steve Ditko, ilitoka mwaka 1962 katika toleo la 15 la jarida la Amazing Fantasy, nayo ina kurasa 11 tu. Peter, yatima aliyeumwa na buibui mwenye mionzi akapata nguvu za ajabu, anamwacha mwizi ampite kwa kuwa anaona hayamhusu, na mwizi huyo huyo baadaye anamuua Ben. Ile kauli maarufu, kwamba uwezo mkubwa hufuatana na wajibu mkubwa, haitoki kinywani mwa Ben katika kurasa hizo. Ni maneno ya msimulizi, yaliyoandikwa katika picha ya mwisho kabisa. Wengi wetu tulilifahamu hilo mwaka huu. Maana yake ni kwamba kila mwongozaji aliyeichukua hadithi hii amelazimika kuamua kauli ile aseme nani, aiseme lini, na kijana abebeshwe vipi deni la kifo cha aliyemlea.

Raimi alimpa Ben kauli hiyo, na akaiweka mahali panapouma. Katika filamu ya 2002 Cliff Robertson, aliyeigiza Ben, anaisema ndani ya gari mbele ya maktaba, akijaribu kuzungumza na kijana asiyetaka kusikiliza, naye Peter, aliyeigizwa na Tobey Maguire, anamjibu kwamba aache kujifanya baba yake. Mfasiri wetu wa jioni hiyo alisita kabla ya kulisema. Kwa Kiingereza ni jibu la ukorofi la kijana. Kwa Kiswahili, baada ya kumwita baba mkubwa tangu filamu ilipoanza, lilikuwa ni kumkana mzazi, kwa sababu baba mkubwa hajifanyi baba, ni baba. Ukumbi ulinyamaza. Mimi nililelewa na kaka wa marehemu baba yangu, kama walivyolelewa wengi wa rika langu katika nchi hii baada ya vita na maradhi ya miaka ya 1980 na 1990, na ninakiri mbele yenu kwamba kumbukumbu za kikao hicho zina pengo la dakika kadhaa, kwa kuwa kalamu niliiweka chini.

Baada ya hapo Peter anapigana mieleka apate fedha, analipwa dola 100 badala ya 3,000 alizozitarajia, na mporaji anapomwibia yule aliyempunja, anampisha njia. Saa hiyo hiyo Ben anapigwa risasi barabarani alipokuwa akimsubiri. Sababu na matokeo vimeshikana kama ilivyokuwa mwaka 1962, na mtazamaji hana pa kumtorosha kijana asikabiliwe na alichokitenda.

Filamu ya pili ya Raimi, ya 2004, ndiyo niliyoiona bora kuliko zote 10, nami nasema hivyo nikijua kwamba makamu wangu hakubaliani nami. Mapigano ya treni ni mazuri na filamu ilipata tuzo ya Oscar kwa ufundi wa picha, lakini ninachokisifu ni meza ya jikoni. Peter anaketi na May, aliyeigizwa na Rosemary Harris, anamweleza kwamba mwizi aliyemuua mumewe yeye ndiye aliyemwachia apite. May anauondoa mkono wake mkononi mwa Peter, anainuka na kupanda ngazi bila kusema neno. Mtakumbuka kwamba umeme ulikatika papo hapo, na jenereta ya jirani haikuwa na mafuta. Tulikaa gizani karibu saa nzima, wala hakuna aliyeondoka. Wanachama walijadili kama mama mkubwa angemsamehe mtoto huyo, na mmoja wa wanachama wetu wazee alisema kwamba mjane huweza kusamehe haraka, ila mkono haurudi siku hiyo hiyo. Umeme uliporudi, filamu ilimthibitishia: May anarudi kwa upole baadaye, akiwa anahama nyumba, bila kuyafuta yaliyosemwa mezani. Sijawahi kuongoza kikao chenye manufaa zaidi ya kile.

Ya tatu, ya 2007, iliharibu sehemu ya kazi hiyo. Inatuambia kwamba aliyefyatua risasi hakuwa yule mporaji aliyepishwa njia, bali ni Flint Marko, mtu anayegeuka mchanga. Msamaha ambao Peter anampa Marko mwishoni unagusa moyo, lakini deni limeshasogezwa mbali na mdaiwa wake, na hadithi inabaki na huzuni isiyo na uzito ule wa kwanza.

Marc Webb alianza upya mwaka 2012, akiwa na Andrew Garfield. Hapa mvuto umehamia kwa wazazi waliomzaa Peter: baba yake ni mwanasayansi mwenye siri, na kijana anatafuta mkoba na karatasi zake. Ben wa Martin Sheen ana hasira na utu unaoaminika, na nakiri kwamba yeye ndiye anayefanana zaidi na baba wakubwa tunaowajua, anayemkaripia kijana kwa kutomchukua mama yake mkubwa usiku, si anayetoa methali. Wazo la wajibu analisema kwa maneno yake mwenyewe, bila ile kauli maarufu. Peter anatoka nyumbani kwa kishindo, anamwacha mwizi wa dukani apite, na Ben aliyekuwa amemfuata kumtafuta anauawa. Mpaka hapo nilikuwa tayari kuiweka filamu hii juu sana. Kisha Peter anaanza kumsaka muuaji mwenye alama ya nyota mkononi, na msako huo unaachwa njiani. Muuaji hapatikani, wala filamu ya 2014 hairejei suala lake. Mwenye nyumba aliyekufa akimtafuta mtoto wake amesahauliwa kwa ajili ya mkoba wa baba asiyekuwapo. Kwetu tunaojua ni nani aliyelipa karo, hilo ni kosa la hukumu, wala si la ufundi. Kilichoiokoa kazi ya Webb ni Gwen Stacy wa Emma Stone, mpenzi wa Peter, anayeanguka katika mnara wa saa na kufa ijapokuwa utando umemfikia, kama alivyokufa katika kitabu cha katuni mwaka 1973. Huzuni ya Garfield mbele ya mwili wa Gwen ni uigizaji wa hali ya juu kabisa.

Mjadala wa kama utando utoke mwilini, kama kwa Raimi, au katika kifaa alichokiunda kijana, kama katika vitabu na kwa waongozaji wengine, ulichukua jioni mbili. Naona ulipewa muda kuliko ulivyostahili.

Toleo la Jon Watts, lenye Tom Holland, ndilo vijana wetu walilolipenda zaidi, nalo liliniudhi kwa filamu mbili nzima. Ben hayupo. Jina lake halitajwi waziwazi. Kumbukumbu yake imebaki katika herufi zilizoandikwa kwenye sanduku la safari. Mahali pake amewekwa Tony Stark, tajiri anayempa kijana vazi la thamani na kumnyang'anya anapokosea. Nilisema katika kikao cha mwezi wa saba kwamba mfadhili hawezi kuwa baba mkubwa, na bado nasema hivyo, kwa maana mfadhili huchagua mtoto kwa kipaji chake, ilhali baba mkubwa humpokea aliyeletwa mlangoni.

Hata hivyo haki inanilazimu kueleza yaliyotokea tulipofika filamu ya 2021. May, aliyeigizwa na Marisa Tomei, ndiye anayeisema ile kauli, akiwa amejeruhiwa kwa kuwa alimsihi Peter awasaidie maadui waliotoka dunia nyingine badala ya kuwafukuza, kisha anakufa. Peter wa Raimi na Peter wa Webb, walioletwa nao kutoka dunia zao, wanapomkuta kijana huyu juu ya paa na kumsikia akianza kauli ile, yule wa Raimi anaimalizia na kusema kwamba aliisikia kwa Ben. Mfasiri wetu alisema "kwa baba mkubwa," na ukumbi ukaitikia kwa sauti moja. Ndipo nilipoelewa kwamba Watts alikuwa ameliahirisha deni, hakulifuta.

Kuhusu Miles Morales nitasema kwa ufupi, ingawa vikao vyake vilijaa kuliko vyote. Filamu ya 2018 imemweka tena ndugu wa baba katikati ya hadithi, na safari hii ni mhalifu: Aaron, anayemwinda Spider-Man bila kujua ni mtoto wa ndugu yake, anakataa kumuua anapouona uso wake, na anauawa kwa kukataa huko. Ile ya 2023 inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa inamleta mtu anayedai kwamba kila Spider-Man lazima ampoteze mpendwa, naye Miles anaikataa sheria hiyo. Vijana walifurahi pia kujua kwamba sauti ya Hobie, yule mpiga gitaa, ni ya Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London kwa wazazi kutoka Uganda.

Kamati inapendekeza mambo mawili. La kwanza, faharasa yetu ya tafsiri iandike baba mkubwa na mama mkubwa kwa Ben na May wa Raimi na wa Webb, na mfasiri yeyote atakayetumia maikrofoni yetu aifuate. Tangu Baraza la Mawaziri lilipokubali mnamo Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, watoto wanaokuja kwenye vikao vyetu wanajifunza lugha kwetu pia, na hatuna budi kuwapa majina ya ukoo yaliyo sahihi. La pili, mwakani tumfuate Batman, yatima mwingine, aliyelelewa na mtumishi wa nyumba ya wazazi wake.

Limebaki suala moja ambalo kamati imeshindwa kulimaliza. May wa Watts ni mwanamke asiye mzee, mumewe haonekani, wala hatuambiwi kama alikuwa kaka au mdogo wa baba yake Peter; nusu ya kamati inataka aitwe mama mkubwa kama wenzake, na nusu mama mdogo. Mwishoni mwa filamu ya 2021 dunia nzima imemsahau Peter, na Happy Hogan, msaidizi wa Tony Stark, anapomkuta penye kaburi la May anamuuliza alimfahamu vipi marehemu. Kijana aliyelelewa naye anajibu tu kwamba alimfahamu kupitia Spider-Man. Mimi nimeegemea mama mdogo, lakini sina kura zaidi ya yenu. Ninaomba wajumbe wainue mikono.