Barua kwa Seif, kuhusu lile basi la Belgrade

Mwanza, Jumapili usiku

Swahiba Seif,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, ila mvua imetukalia na umeme unakwenda na kurudi. Uliniuliza ninaangalia nini siku hizi. Basi kaa nikusimulie.

Ni picha ya sinema ya Kiserbia ya mwaka 1998, jina lake Bure baruta. Najua umeshacheka. Mimi pia nilidhani ni baruti ya bure, au baruti iliyoteketea bure. Kumbe "bure" kwao ni pipa: pipa la baruti. Hilo "barut" walilipata kwa Waturuki, ni ndugu kabisa wa neno letu. Na pipa lenyewe ni Belgrade, mji mkuu wa Serbia, usiku mmoja wa katikati ya miaka ya 1990. Vita vya Bosnia, nchi ya jirani, vimewachosha, vikwazo vya Umoja wa Mataifa vimewabana tangu 1992, na pesa yao ilishaoza mpaka ikachapwa noti ya dinari bilioni 500. Karatasi moja, Seif! Lakini mwongozaji, Goran Paskaljević, hatupeleki vitani. Anatuonyesha waliobaki nyumbani.

Visa vimesukwa kama ukili. Kijana anagonga kagari ka watu, mkwaruzo tu, mwenye gari anamfuata hadi kwa wazazi wake na kuvunja kila kilichomo. Mabondia wawili, marafiki wa miaka, wanaanza kutoboleana siri: mimi nilikufanyia hivi, na mimi nilikufanyia vile. Kila siri inaipita ya kwanza, unacheka mpaka unashika mbavu, mara chupa imevunjwa.

Kilichonipata mimi, hata hivyo, ni basi. Abiria wamekaa wanangoja, dereva yuko nje anakunywa kahawa yake taratibu. Unaikumbuka ile daladala yetu, dereva anamalizia supu sisi tunaiva ndani? Sasa kijana mmoja uvumilivu unamwisha, anashika usukani na kuondoka na basi. Nilipiga makofi, peke yangu sebuleni. Nikasema leo kapatikana mwanamume! Muda si muda anawageukia abiria walewale, vitisho na fedheha. Viganja vyangu vilikuwa bado vimekutana. Nikavishusha polepole. Mwisho wa basi hilo sikuambii.

Sikuipenda yote. Wanawake wengi mle wapo ili waonewe tu, na karibu na mwisho chumvi imezidi. Ila fikiria: ilionyeshwa Venice Septemba 1998, na Machi 1999 mabomu ya NATO yakaanza kuanguka Belgrade yenyewe.

Mpwa wangu anakuja Tanga wiki ijayo, nimempa flashi. Mama usimwonyeshe, matusi ni mengi na maandishi ya chini hayakuficha hata moja. Ukifika kwenye basi uniandikie: ulipiga makofi au hukupiga?

Wako,
Juma