Deraya ya chuma cha kusubu: wote wawili mmekosea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako. Mwandishi wenu kadharau kabisa wazo la kuvalisha magari ya vita deraya, yaani mabamba ya kukinga risasi, ya chuma cha kusubu (kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), eti hicho ni chuma cha mifuniko ya mitaro, ukikigonga nyundo kinapasuka, halafu msomaji mmoja akamjibu kwamba kikipikwa vizuri kinakuwa kigumu kuliko stili kwa hiyo kitumike tu. Mi naona wote wamekosea, na huyo wa pili ndo kakosea zaidi.

Chuma cha kusubu cha zamani kinapasuka kwa sababu grafaiti, ile kaboni laini kama ya ndani ya penseli, imekaa ndani yake kama magamba membamba na kila ncha ya gamba ni pa kuanzia ufa. Ila mwaka 1943 huko Marekani, maabara ya INCO, kampuni ya madini ya nikeli, waliona ukitia magnesiamu kidogo kwenye chuma kilichoyeyuka, grafaiti inajikusanya kuwa vidonge vya mviringo na ufa unakosa pa kuanzia. Sasa ukikichukua hicho ukakipasha moto kama nyuzi 900 hivi, ukakitumbukiza kwenye chumvi iliyoyeyuka ya nyuzi 250 mpaka 400 na kukiacha humo saa moja au zaidi, unapata kitu tofauti kabisa, tena sehemu ya muundo wake inazidi kuwa ngumu palepale kinapopigwa. Kwa hiyo habari ya mifuniko tuiache.

Haya, huyu wa ugumu. Viwango vya Marekani vya chuma hiki vyenyewe vinamjibu: daraja la nguvu kubwa, ambalo ndo gumu zaidi, likivutwa linabeba megapaskali 1600 (kipimo cha nguvu ya kuvuta) lakini kabla ya kukatika linarefuka asilimia 1 tu, wakati lile la megapaskali 900 linarefuka asilimia 9. Ukichagua ugumu peke yake risasi ya kwanza utaizuia, ya pili ikipiga karibu na hapo bamba linagawanyika, na vipande vinavyoruka kwa ndani vinaua askari hata kama risasi yenyewe haikupita.

Halafu kuna uzito, ambao nyote hamkuugusa! Hermann Gruson wa Magdeburg alitengeneza deraya za chuma cha kusubu karne ya 19, na mwaka 1886 kule La Spezia, Italia, bamba lake lilipigwa na mzinga wenye uzito wa tani 100 likasimama, lakini zile zilikuwa za ngome, ngome haiendi popote so unene haukumuumiza mtu kichwa. Gari linatembea. Bamba la stili la milimita 10 lina kilo 78 hivi kwa mita ya mraba, chuma hiki ni chepesi kidogo kwa hiyo kwa kilo hizohizo unapata kama milimita 11. Ni hiyo milimita moja tu, basi. Kama hizo 11 hazizuii kile ambacho 10 za stili zinazuia, hamna faida ya uzito hapo. Na kukichomelea ni shida, kwa hiyo bodi ya gari isahauni.

Panapokifaa kwa maoni yangu ni bamba la nje lenye matundu, linalofungwa kwa bolti mbele ya deraya kuu na kuacha nafasi katikati. Risasi ya kutoboa deraya ikigonga ukingo wa tundu inapinda, kiini chake kigumu kinavunjika au kinafika kwa ubavu, deraya ya nyuma inamalizia. Stili ngumu kuitoboa matundu yote hayo ni kazi na gharama, ila hiki matundu unayapata kwenye kalibu yenyewe wakati wa kumimina, na bamba likipasuka unafungua bolti unaweka jingine. Serbia wameshajaribu mabamba ya namna hii dhidi ya risasi za milimita 12.7, sio ndoto.

Na mkiandika tena kwamba deraya fulani "imefaulu", tafadhali tuambieni ilipigwa risasi gani, kwa mwendo gani, mara ngapi na mapigo yalikaribiana kiasi gani, na ina kilo ngapi kwa mita ya mraba. Mkitupa ile namba ya V50 semeni pia kwamba ni mwendo ambao nusu ya risasi ZINAPITA, maana wasomaji wengi wanadhani ndo kikomo cha usalama.

Msomaji wenu