Tony Benn hakukifuta cheo cha ukoo wao

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Kila nikisikia watu wanasema Tony Benn, yule mwanasiasa wa chama cha Leba kule Uingereza, alikifuta cheo cha ukoo wao inaniuma, kwa sababu sivyo ilivyokuwa.

Cheo chenyewe, Viscount Stansgate, ni ulodi wa kurithiwa, wala sio cha kale. Baba yake, William Wedgwood Benn, alipewa mwaka 1942 katikati ya vita ili Leba iwe na watu zaidi kwenye Baraza la Malodi, lile bunge la juu lisilochaguliwa na wananchi, na kabla ya kukubali alimuuliza mwanawe mkubwa Michael ambaye ndo angekirithi, Michael akasema poa tu maana yeye alitaka kuwa kasisi. Mwaka 1944 Michael, rubani wa kivita, akafa, basi zigo likamwangukia mdogo wake Tony.

Mzee akafariki Novemba 1960. Tony alikuwa mbunge wa Bristol miaka kumi tayari, ila sheria ilikataza lodi kuwa mbunge wa kuchaguliwa, kiti kikaondoka hivyo hivyo bila yeye kutaka. Akagombea tena Mei 1961 akashinda kwa zaidi ya kura 13,000, kufika mlangoni pa ukumbi wa bunge bawabu akamzuia. Hebu fikiria, maelfu wamekutuma halafu unaishia mlangoni kisa baba yako kafa! Mahakama ya uchaguzi ikampa kiti aliyeshindwa, Malcolm St Clair, ambaye naye alikuwa kwenye foleni ya kurithi ulodi wa ukoo wake. Huyu lakini nampa heko, aliahidi sheria ikibadilika atajiuzulu na kweli akajiuzulu.

Sheria ya kuruhusu mtu kuukana ulodi ikapita 31 Julai 1963 na Benn akawa wa kwanza kuukana ulodi, siku hiyo hiyo. Oktoba Lord Home naye akaitumia baada ya kupewa uwaziri mkuu.

Sasa wengi wanapokosea ni hapa: sheria ile inakuruhusu kukikataa cheo kwa uhai wako tu, watoto wako huwezi kuwakatalia. Kinalala, kinakusubiri ufe. Benn alipofariki Machi 2014, mwanawe mkubwa Stephen akawa Viscount Stansgate wa tatu, na mwaka 2021 akaingia Baraza la Malodi kwa cheo kile kile.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.