Sheria ya umri haikumdhulumu Mao Shimada

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maoni kuhusu makala ya ukurasa wenu wa michezo iliyozungumzia uteuzi wa wanawake watatu wa Japani wa kushindana katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Milano na Cortina ya mwaka 2026. Mwandishi wenu alisema kwamba Mao Shimada, aliyeshika nafasi ya pili katika ubingwa wa taifa wa Desemba 2025, amedhulumiwa kwa kuachwa nje ilhali Ami Nakai, aliyekuwa wa nne, amepewa nafasi, na akaongeza kwamba sheria ya umri iliwekwa ili kuwakinga wakongwe wasipigwe na watoto. Dai la kwanza naweza kulielewa, kwa sababu matokeo yakisomwa bila maelezo huonekana hivyo. Dai la pili halina msingi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Shimada alizaliwa tarehe 30 Oktoba 2008. Kanuni za Muungano wa Kimataifa wa Mchezo wa Kuteleza kwenye Barafu (ISU) zinataka mshindani wa daraja la wakubwa awe ametimiza miaka 17 kabla ya tarehe 1 Julai, msimu unapoanza, na siku hiyo mwaka 2025 yeye alikuwa bado na miaka 16. Nakai, aliyezaliwa Aprili 2008, alikuwa amekwisha kuvuka mstari huo. Kwa hiyo hakuna aliyeketi na orodha mkononi akalikata jina la Shimada. Japani ina utaratibu, ambao binafsi nauona wa busara, wa kuwaalika chipukizi waliofanya vizuri katika mashindano yao ya Novemba wapande kushindana na wakubwa katika ubingwa wa taifa mwezi unaofuata. Mwaliko huo huwapa jukwaa na majaji, na hata medali wakiimudu, lakini hauwapi tiketi ya Olimpiki, na hilo Shimada na makocha wake walilijua tangu mwanzo wa msimu.

Sheria yenyewe haikutungwa Japani wala kwa ajili ya Wajapani. Katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2022, Kamila Valieva wa Urusi, akiwa na miaka 15, alijikuta katikati ya kashfa ya dawa zilizopigwa marufuku, na dunia nzima ikamtazama mtoto akianguka mara kwa mara katika programu ndefu, yaani onyesho la pili na refu kati ya mawili ya kila shindano, huku watu wazima waliomzunguka wakiwa ndio waliopaswa kujibu maswali. Miezi michache baadaye, Juni 2022, mkutano mkuu wa ISU uliofanyika Phuket, Thailand, ulipiga kura 100 dhidi ya 16 kupandisha umri wa chini kutoka miaka 15 hadi 16, kisha hadi 17 kuanzia msimu wa 2024/25. Wazo hilo lilikuwa limejadiliwa hata kabla ya Beijing, kwa sababu wengi walichoshwa na kuona mabingwa wakichanua na kupukutika ndani ya misimu miwili. Alina Zagitova wa Urusi alitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2018 akiwa na miaka 15, na kabla ya mwaka 2019 kwisha alikuwa ametangaza kupumzika kushindana.

Je, kuna mkongwe wa Kijapani aliyekingwa? Mwandishi wenu hakumtaja kwa jina, lakini bila shaka alimkusudia Kaori Sakamoto, aliyekuwa na miaka 25 wakati wa uteuzi, bingwa wa dunia wa miaka ya 2022, 2023 na 2024. Sakamoto alipata medali ya shaba Beijing chini ya sheria ya zamani, katika shindano lililokuwa na wasichana waliozunguka hewani mara nne, naye akiwa hana mruko hata mmoja wa aina hiyo. Ni kweli kwamba taji lake la kwanza la dunia alilipata wakati Warusi wamefungiwa kwa sababu ya vita vya Ukraine, na msomaji makini atanikumbusha hilo. Lakini ndani ya Japani hapakuwa na ukuta wowote baina yake na Shimada. Walikutana katika ubingwa wa taifa Desemba 2022, binti huyo akiwa na miaka 14, na wakaendelea kukutana kila mwaka hadi 2025. Shimada alikuwa wa tatu mara mbili, kisha wa pili mara mbili. Mara zote nne Sakamoto ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Hapa ndipo ningependa wasomaji wenu watazame kwa karibu, maana habari nyingi za mchezo huu huishia kwenye hesabu ya mizunguko. Axel ndiyo mruko pekee ambao mtelezaji huuanza akiwa ametazama mbele, na ndiyo sababu huongezewa nusu mzunguko. Axel ya mizunguko mitatu na nusu, ambayo Shimada anaimudu, ina thamani ya msingi ya pointi 8.00, ilhali ile ya mizunguko miwili na nusu anayoitegemea Sakamoto ina pointi 3.30. Kwa mruko huo mmoja tu, chipukizi anatangulia kwa pointi 4.70, na akiongeza ule wa mizunguko minne, wenye thamani ya 9.50, pengo linazidi kupanuka. Mtu akiishia hapo atadhani Sakamoto hana lake. Lakini majaji pia hutoa alama za mpangilio wa programu, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza, kila kimoja kati ya kumi, na jumla yake kwa wanawake katika programu ndefu huzidishwa kwa 2.67. Nusu alama ya ziada katika kila kimoja kati ya vitatu hivyo inazaa pointi nne kamili na chembe, yaani karibu faida yote ya ile Axel kubwa. Mwangalie Sakamoto anavyoingia katika Axel yake ndogo: hapunguzi mwendo, hajikunyati kujiandaa, anaruka akiwa katika kasi ile ile aliyokuja nayo, anasafiri hewani umbali mrefu, kisha anatua kwa mguu mmoja na kuendelea kuteleza kinyumenyume kana kwamba hakuna kilichotokea. Kasi ya namna hiyo hujengwa kwa miaka mingi ya mazoezi, na majaji huilipa.

Isitoshe, kama nia ilikuwa kuwakinga wakongwe, basi sheria hiyo imeshindwa kazi katika msimu wake wa pili tu. Oktoba 2025 Nakai aliingia katika shindano lake la kwanza la daraja la wakubwa katika Grand Prix, mfululizo wa mashindano ya kimataifa ya kila msimu, huko Angers, Ufaransa, akalishinda na kumwacha Sakamoto nafasi ya pili. Desemba, katika fainali ya mfululizo huo mjini Nagoya, akatwaa fedha nyuma ya Alysa Liu wa Marekani, na Sakamoto akapata shaba. Hayo pia yanajibu swali la kwa nini mshindi wa nne wa taifa ameteuliwa: ukimwondoa bingwa, ambaye huingia moja kwa moja, nafasi zilizobaki hupimwa kwa matokeo ya msimu mzima, na msimu wa Nakai unajieleza wenyewe.

Sisemi kwamba sheria hii haina gharama. Japani inaijua gharama hiyo kuliko taifa lolote. Desemba 2005 Mao Asada, akiwa na miaka 15, alishinda fainali ya Grand Prix mjini Tokyo, lakini hakuweza kwenda Olimpiki ya Torino ya mwaka 2006 kwa sababu alizaliwa siku 87 baada ya tarehe ya mwisho iliyoruhusiwa na sheria ya wakati huo. Kelele zilikuwa nyingi, kisha Shizuka Arakawa akaenda huko na kurudi na dhahabu akiwa na miaka 24. Asada alisubiri, akapata fedha Vancouver mwaka 2010 na mataji matatu ya dunia, na Shimada, aliyepewa jina lake na wazazi wake, anaweza kufarijika kwa mfano huo. Lakini upo pia mfano wa Rika Kihira, aliyekosa Pyeongchang 2018 kwa takribani wiki tatu, akashinda fainali ya Grand Prix mwishoni mwa mwaka huo huo, na ilipofika zamu yake ya Beijing akawa ameumia mguu. Mwili haumsubiri mtu miaka minne. Shimada atakuwa na miaka 21 Olimpiki ya 2030 itakapofanyika Ufaransa, na hakuna awezaye kuahidi kwamba miruko yake ya leo itakuwapo.

Vilevile wanaoitetea sheria hii, nikiwamo mimi, hatupaswi kudai kwamba imewaondolea watoto mzigo wa mazoezi. Miruko mikubwa bado hufundishwa wakiwa wadogo, na ushindi katika daraja la chipukizi bado hupatikana kwa miruko hiyo. Shimada mwenyewe alitawazwa bingwa wa dunia wa chipukizi mara tatu mfululizo, kuanzia 2023 hadi 2025, akiwa nayo. Kilichobadilika ni kwamba kocha na chama cha taifa hawana tena sababu ya kumchosha msichana wa miaka 14 ili awahi medali ya Olimpiki kabla mwili wake haujabadilika. Kwangu mimi hilo linatosha kuitetea.

Kama mwandishi wenu anatafuta jambo la kusikitikia, lipo. Sakamoto alitangaza kwamba angestaafu mwishoni mwa msimu wa 2025/26, na Shimada atapanda daraja la wakubwa msimu utakaoanza Julai 2026. Wawili hawa hawatakutana kamwe katika ubingwa wa dunia. Mapambano yao ya Desemba, ambayo kurasa zenu hazikuyagusa hadi ulipozuka mjadala wa uteuzi, ndiyo pekee tutakayokuwa nayo, na yanastahili kuandikwa kwa alama zake zote, programu fupi na ndefu, badala ya kuachiwa mstari mmoja wa matokeo.

Wako,
Msomaji wa kurasa za michezo